Mashine ya barafu ya sola Amu: maombi mawili ya ruzuku yalikataliwa, la tatu likapita

FundiBaridi (Amu)

Assalaam aleikum ndugu zangu.

Kila wiki napata simu mbili tatu za swali moja: "Fundi, ile ruzuku uliipataje?" Leo nimefunga banda mapema niandike yote hapa, asiyekuwa na namba yangu naye afaidike. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mimi ni fundi wa friji, banda langu liko Langoni, hapa Amu (Lamu). Kilichonitoa kwenye friji za watu ni kile tunachokiona sote madikoni, pale vyombo vinaposhusha samaki. Mvuvi aliyeshusha saa mbili asubuhi anataja bei. Aliyeshusha saa sita, changu wale wale, anatajiwa bei. Hana barafu, na samaki hangoji mtu. Kaskazi, bahari ikiwa imetulia na samaki wamejaa, nimeona wazee wakigawa tafi jioni kwa yeyote anayepita, maana kesho wasingefaa kitu. Na jua lile lile linaloozesha samaki linaweza kugandisha maji. Hapo ndipo nilipoanzia.

Hesabu yenyewe ni hii, na naomba muisome, kwa sababu ndiyo iliyonipa pesa mwishowe. Maji ya tangi letu mchana ni nyuzi 30. Kilo moja ya maji hayo utaiondolea kilojuli 126 hivi ifike sifuri, kisha 334 nyingine igande. Jumla 460. Kilo 100 ni megajuli 46, yaani joto la karibu kilowati-saa 13. Kompresa nzuri huhamisha joto mara mbili ya umeme inaokula, kwa hiyo kwenye karatasi unahitaji kilowati-saa 6.5. Lakini kuna joto linalopenya ukutani, kuna feni, kuna pampu, kuna hasara ya waya. Nikapanga 12 kwa siku. Paneli 8 za wati 400 zinafika hapo kwa jua letu. Betri sikuweka hata moja. Barafu yenyewe ndiyo betri: jua likiwapo unagandisha, likizama unalinda baridi isitoke.

Gesi ya kupozea nilichagua R290, ambayo ni propeni iliyosafishwa. Friji nyingi kubwa ninazoletewa zina R404A, na gesi ile ikivuja hewani huleta joto takribani mara 3,900 ya kaboni dayoksaidi ya uzito ule ule kwa kipindi cha miaka 100. R290 haifiki hata mara 5. Inawaka moto, kweli, ndiyo maana unatia kidogo na unaiweka mashine mahali penye upepo. Mapatano ya Kigali ya 2016 yanazipunguza gesi za aina ya ile ya kwanza polepole duniani kote. Sikuona haja ya kujenga kitu kipya juu ya gesi inayoondoka.

Sasa maombi. La kwanza lilikuwa kurasa 34. Niliomba shilingi milioni 9, nijenge mashine kumi kwenye madiko kumi, niajiri vijana, nifundishe akina mama, nipande na mikoko. Jibu lilikuwa mstari mmoja. La pili nilipeleka kwingine, wakanitaka mauzo ya miaka miwili. Mauzo ya kitu ambacho hakijajengwa! Niliumia sana siku ile, na mpaka leo naona swali lile halina haki kwa mtu aliye hatua ya kwanza.

La tatu nililiandika kwa kurasa 6. Mwanzoni kabisa niliweka swali moja: je, mashine ya kilowati 3.2 za paneli, bila betri, itatoa kilo 100 za barafu kwa siku ikikaa miezi sita kwenye upepo wa chumvi? Nikaomba shilingi 1,150,000 za kulijibu swali hilo tu. Wakanipa.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema kwenye uzi huu. Pesa ya kielelezo cha kwanza, yaani kile kifaa cha majaribio, hununua jibu. Ukiomba biashara kamili wakati hujui kama kitu kinafanya kazi, unamwomba mtu anunue jahazi kwa kuonyeshwa mbao.

Naendelea kesho, nimeitwa.

MwanaKizingitini

Umenena fundi. Huku Pate tunajua uchungu wa barafu. Tangu njia ya meli ya bandari mpya ya Lamu ichimbwe, wengi wetu tunakwenda mbali zaidi, na mtu akilala baharini bila barafu anarudi na harufu. Fidia ile ya wavuvi ya shilingi bilioni 1.76 iliyoamriwa na Mahakama Kuu ya Malindi 2018 ilikuwa haki yetu, lakini fidia haigandishi samaki. Kamba mawe tunaweza kuwaweka hai. Nguru je?

Swali langu: ruzuku ikiisha, mashine ni ya nani? Hapa kwetu nimeshaona mitambo ya wafadhili miwili imekufa kwa sababu kila mtu alidhani ni ya mwenzake.

FundiBaridi

Kaka, swali hili lilinichukua mwezi mzima kabla sijaandika ombi. Tulikaa na BMU, kile kikundi cha usimamizi wa ufuo, ya diko letu mara nne. Tulichoandika na kutia sahihi: kwa miezi sita ya majaribio mashine ni yangu, hasara ni yangu, barafu ni ya wavuvi bure kwa sharti kila kilo ipimwe na kuandikwa. Baada ya hapo BMU wana haki ya kwanza ya kuinunua kwa gharama ya vifaa. Karatasi ile niliiambatanisha. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba waliisoma kabla ya bajeti.

Sasa matokeo, na hapa nataka mwelewe vizuri. Mwezi wa kwanza mashine ilitoa wastani wa kilo 61 kwa siku. Si 100. Umeme ulikuwa unaingia kama nilivyopanga, kwa hiyo nilikuwa nalipa kilowati-saa 0.2 kwa kila kilo badala ya 0.12.

Sikulala. Nilitoa kifuniko cha nyuma asubuhi moja nikamulika tochi. Vibati vyembamba vya alumini vya kondensa, ile sehemu inayotoa joto nje, vilikuwa vimeota unga mweupe, ukigusa kwa kidole vinabomoka kama kaki iliyopata maji. Wiki tano tu! Upepo ulikuwa unaleta manyunyu ya mawimbi moja kwa moja usoni mwa kondensa, chumvi inashika, hewa haipiti, kompresa inasukuma joto lisilokuwa na pa kwenda. Bandani kwangu Langoni mashine hiyo hiyo ilikuwa imetoa kilo 97. Zile mita za kutoka bandani hadi ufuoni ndizo zilizokula kilo 36.

Niligeuza mashine, nikaipa kivuli cha makuti, nikabadilisha kondensa kwa ya shaba iliyopakwa rangi ya kuzuia kutu, na kijana wa diko akawa anaisuuza kwa maji matamu lita tano kila jioni. Ikapanda hadi 84. Kilo 100 haijawahi kufika, isipokuwa siku mbili za mwezi wa pili.

Nilipoandika ripoti mke wangu aliniuliza kama kweli nitaipeleka hivyo. Niliipeleka hivyo, na picha ya kondensa iliyooza nikaiweka ukurasa wa kwanza. Kwa ripoti hiyo nimepata awamu ya pili.

BintiSabaki (Malindi)

Kaka fundi, nimesoma nikatokwa na machozi kidogo, maana mimi niko pale kwenye mstari mmoja wa jibu.

Nina jiko la kukaangia samaki, la akina mama karanga, wale wanaokaanga samaki na kuuza. Wengi hapa Malindi wanakaanga kwenye mafiga matatu au jiko la bati, kuni nyingi, moshi mpaka macho yanavimba. Langu lina ukuta wa udongo na majivu, chumba cha moto kidogo, karai linakaa ndani badala ya kukaa juu. Nimewapa akina mama watatu. Wanalipenda. Niliomba ruzuku, wakaniambia "soko halijathibitishwa" na kwamba nichangie nusu ya pesa taslimu. Nusu naitoa wapi mimi?

Mpitiaji (Mombasa)

Niruhusuni niseme kutoka upande wa pili. Nimewahi kukaa kwenye kamati za kusoma maombi ya aina hii. Siwezi kutaja wapi.

Dada, nakuambia kwa heshima: "wanalipenda" hatuwezi kulifanyia kazi. Mbele yetu kuna marundo ya maombi, na karibu kila mmoja anasema watu wanakipenda kitu chake. Anayeandika "jiko la zamani lilikula kilo kadhaa za kuni kwa kilo 20 za samaki, langu lilikula kadhaa, nimepima mara tisa, hizi hapa namba zote tisa" anawekwa pembeni kwenye rundo la kujadiliwa.

Kuna kipimo tunachokitumia, ngazi 1 hadi 9 za ukomavu wa teknolojia, kilichoanzia NASA. Ngazi ya 4 kitu kimefanya kazi kwenye meza ya fundi. Ya 6, kielelezo kimejaribiwa kwenye mazingira yanayofanana na ya kazi yenyewe. Ya 7, kimejaribiwa pale pale kitakapotumika. Fundi wetu alikuwa 4 akiwa Langoni na akaomba pesa ya kufika 7. Inasomeka. Watu wengi wako 3 na wanaomba pesa ya 9, ndipo kamati inapouliza mauzo. Mara nyingi swali la mauzo maana yake ni kwamba umegonga mlango usio wako.

Kuhusu mchango: soma masharti vizuri. Wafadhili wengi wanakubali mchango usio wa taslimu. Saa zako za kazi, banda, vifaa ulivyokwisha nunua, muda wa akina mama. Viandike kwa thamani ya haki, na uweke risiti.

FundiBaridi

Nakushukuru ndugu Mpitiaji, na mengi nakubali. Moja sikubali kulinyamazia.

Ruzuku yangu ililipwa kwa kurudishiwa. Unatumia kwanza, unapeleka risiti, wao wanakagua, ndipo wanakurudishia. Awamu ya kwanza nilikaa miezi minne nikingoja. Kompresa niliinunua kwa pesa ya chama chetu cha mtaani, na mwezi wa tatu wenzangu walikuwa wananiangalia msikitini kwa jicho ambalo sitalisahau. Fundi wa Amu hana milioni ya kukaa nje miezi minne. Mwenye nayo hakuhitaji ruzuku. Mkiwa kwenye kamati hizo, tafadhali lisemeni hili: robo au theluthi itangulie.

Mpitiaji (Mombasa)

Uko sahihi. Wapo wanaotanguliza, na wapo ambao sheria zao za fedha haziruhusu. Kabla ya kutia sahihi, mwombaji ana haki ya kuuliza "malipo yanafuata nini?" na kuomba hatua ziwe ndogo ndogo. Hatua tatu za miezi miwili zinabeba mtu kuliko moja ya miezi sita. Nitalisema nikipata nafasi tena.

MzeeWaJahazi (Matondoni)

Wanangu, mimi nimechonga vyombo miaka mingi, hizi karatasi zenu sizijui sana. Ila nilishuhudia lile jahazi la plastiki, Flipflopi, likijengwa hapa hapa Amu na fundi Ali Skanda na wenzake. Tani kama kumi za takataka za plastiki, na mwili mzima ukapambwa kwa vipande vya ndara. Likashushwa majini 2018, na mwaka uliofuata likaenda Unguja.

Watu walicheka mwanzoni. Ubao wa plastiki haufanani na mti. Mti unajua unapasukia wapi, unausikia kwa shoka. Plastiki inapinda, jua likiipiga inalegea, msumari haushiki vile vile. Ilibidi wajifunze upya kila kiungo. Je, kuna mtu angeweza kuwauliza "mmeuza majahazi mangapi ya plastiki"? Hayakuwapo duniani. Kwa hiyo ninachosema kijana wa barafu nakielewa. Jahazi la kwanza ni la kujua, la pili ndilo la kuuza.

ShekheSola

Mimi nina shaka, mnisamehe. Hizi pesa ni za watu wa Nairobi wenye Kiingereza kizuri na jamaa ndani ya ofisi. Mtu wa Faza au wa Mayungu ataanzia wapi? Bora benki.

FundiBaridi

Shekhe, benki nilikwenda. Waliniomba hati ya shamba kwa kitu ambacho mimi mwenyewe sikuwa na uhakika kama kitafanya kazi. Na nisingewalaumu, mkopo unarudishwa hata jaribio likifeli. Ndiyo maana hatua hii inahitaji ruzuku. Jaribio la kweli lazima liwe na nafasi ya kufeli bila mtu kupoteza nyumba ya mamake.

Pa kuanzia papo, na si siri. KCIC, kile kituo cha ubunifu wa tabianchi kilichoanza Nairobi 2012 kwa msaada wa Benki ya Dunia, kinalea biashara changa za nishati, maji, kilimo na taka. Kwa vikundi vya kijamii kuna mpango wa ruzuku ndogo wa GEF (mfuko wa mazingira wa dunia) unaosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, upo tangu 1992, na kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa dola 50,000. Huo unapewa kikundi kilichosajiliwa, si kampuni, kwa hiyo BMU au kikundi cha akina mama kinaweza kusimama mbele na fundi akawa ndani. KENIA, shirika la serikali la ubunifu lililotokana na sheria ya 2013, nalo lipo. Na msisahau kamati za tabianchi za wadi chini ya FLLoCA, mpango wa serikali wa fedha za tabianchi mashinani. Zile fedha huenda zaidi kwenye miradi ya umma kama maji, si kwenye kielelezo cha fundi, lakini ukikaa kwenye baraza hizo unajua wadi yako imeandika shida gani. Mimi nilinukuu kipaumbele cha wadi yetu kwenye ombi langu.

Kiingereza: niliandika kwa Kiswahili chote kwanza. Mwalimu wa shule ya upili akanisaidia kufasiri, nami nikakaa naye sentensi kwa sentensi. Alitaka kuongeza maneno makubwa. Nikakataa. Kama kilo 61 ni kilo 61, lugha haitazifanya 100.

Na kabla hujamwonyesha mtu mchoro wa kitu ulichokibuni kweli, pita KIPI, ofisi ya serikali inayosajili uvumbuzi. Hataza kamili inakulinda miaka 20, ipo na hati ya uvumbuzi mdogo ya miaka 10, nyepesi zaidi kwa mafundi kama sisi. Mimi sikuihitaji, hakuna jipya kwenye mzunguko wa friji. Dada wa Sabaki, lile karai linalokaa ndani, wewe uliza.

BintiSabaki (Malindi)

Ahsante kaka. Nianzie wapi kupima? Nina mizani ya jikoni tu.

FundiBaridi

Tafuta mizani ya kuning'iniza, ile ya wachuuzi wa samaki. Chagua mama mmoja kwanza. Siku ya kwanza akaange kwa jiko lake la zamani: pima kuni kabla, pima samaki, mwache afanye kazi yake kama kawaida, mwisho pima kuni zilizobaki na makaa pia, usisahau makaa. Siku ya pili jiko lako, samaki aina ile ile, uzito ule ule, kuni kutoka rundo lile lile. Rudia mara tatu kila jiko. Halafu mama wa pili, wa tatu. Jumla 18. Andika na saa alizoanza na kumaliza. Usimwelekeze atumieje jiko, hata ukiona anakosea. Hasa ukiona anakosea.

MwanaKizingitini

Nafuatilia. Dada, ukipata namba ziweke hapa hapa.

BintiSabaki (Malindi)

Wiki tano zimepita, nimerudi. Nimepima 18 zote.

Mama wa kwanza: kwa kilo 20 za samaki, jiko la zamani wastani kilo 9.4 za kuni, langu 6.1. Mama wa pili: 8.8 na 5.9. Nilifurahi sana, nikaanza kuandika ombi usiku ule ule.

Mama wa tatu: 9.1 na 9.0.

Nilidhani nimekosea. Nikarudia kwake mara mbili zaidi, ikawa 8.9 na 9.3. Nikaenda kukaa naye kuanzia saa kumi alfajiri, nikanyamaza kama ulivyosema. Yeye ananunua kuni za mkwaju, vigogo vinene, kwa sababu ni rahisi zaidi na hana wa kumpasulia. Mlango wa jiko langu ni mdogo. Kwa hiyo ameutanua kwa panga. Pembeni unaonekana mkato, na chumba cha moto sasa ni sawa na mafiga. Hakuniambia kwa sababu aliona haya, alidhani ameniharibia.

Nimemwambia hajaharibu kitu. Nimekaa chini mbele ya lile jiko na kupima mlango alioukata: sentimita 19. Wangu ulikuwa 11. Nimeuliza akina mama wengine saba wa hapa sokoni wanunua kuni za namna gani, na watano wananunua vigogo.

Kaka fundi, ndugu Mpitiaji, swali langu nimelibadilisha. Nisomeeni: je, jiko lenye mlango wa sentimita 19 na kizuizi cha ndani linaweza kuokoa angalau kilo 2 za kuni kwa kila kilo 20 za samaki, kwa mama anayetumia vigogo visivyopasuliwa? Naomba shilingi 380,000, majiko kumi, miezi mitatu. Mama wa tatu amekubali jina lake liandikwe kwenye ombi kama mshauri wa muundo, na alipwe.

Mpitiaji (Mombasa)

Dada, usibadilishe hata neno moja kwenye sentensi hiyo. Weka namba za mama wa tatu juu kabisa, na picha ya ule mkato wa panga.

FundiBaridi

Nakuja Malindi Jumanne na basi la asubuhi, nina kompresa ya kuchukua. Nitapita sokoni. Mwambie mama wa tatu nataka kuuona mlango huo kwa macho yangu, na kama ana samaki wa kukaanga, aniwekee wa buku moja.